Bega la Kushoto

Nimemshonea mtu mmoja nguo kwa miaka ishirini na kitu, na nadhani nilimjua kuliko padri wake. Padri alisikia yale ambayo mwenyewe alitaka kuyasema. Mimi nilipitisha futi yangu kifuani, kiunoni na shingoni, nikayaandika niliyoyakuta.

Alianza kuja kwangu Lubumbashi akiwa wakili kijana, na joho jeusi la mahakamani alilorithi kwa mjomba wake. Lilikuwa kubwa mno, amelivaa kama mtoto aliyejifunika blanketi. Nilimsimamisha karibu na dirisha nikaanza kupima. Bega la kulia lilikuwa sawa. La kushoto lilikuwa chini kwa upana wa vidole viwili, na mfupa wake wa mtulinga una nundu katikati. Nilipomwambia ainue mkono nipime kwapa, ulifika usawa wa sikio ukagoma.

"Hili bega limefanya nini, Metre?" Kwetu wakili huitwa hivyo.

"Nilizaliwa nalo," alisema, akatazama ukutani.

Fundi huuliza mara moja. Nikaweka pamba ndani ya bega la kushoto, nikaishonea bitana juu yake, na alipojitazama kwenye kioo mabega yalikuwa yamelingana. Akaniambia ile pamba iwe siri yangu na yake. Baadaye, alipooa, aliniambia hata mke wake asijue. Mke angeliona bega, sawa, lakini si lazima ajue kwamba mumewe huvaa pamba kama godoro. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kutoka mahakamani aliingia kwenye mafuta. Alimtetea mwenye malori ya kubeba mafuta, kesi ikaisha vizuri, na kabla watu hawajajua imekuwaje malori yakawa yake. Kisha vituo, kisha maghala, kisha vibali vya kuchimba huko ziwani ambavyo mimi sikuvielewa na wala sikuulizwa. Nilichojua ni kwamba makoti yake yalinuka dizeli, na nilikuwa nayatundika barazani siku nzima kabla ya kuyagusa. Aliponenepa nilimpanulia. Alipochaguliwa kuwa seneta nilikuwa nimeshahamia Joburg, nikadhani ndiyo basi, mheshimiwa atapata mafundi wa Ulaya. Wapi! Alinunua nyumba upande wa kaskazini wa jiji, ile mitaa ambayo kuta ni ndefu kuliko nyumba zenyewe, na msimu wa baridi wa kwanza alimtuma dereva anitafute mjini, jengo kwa jengo, hadi akanipata.

Katika siasa alikuwa mhafidhina na hakulificha. Alisimama bungeni kutetea mila, ukoo, baba kuwa baba na mke kuwa mke. Alichukia mtu kuvaa kofia mezani. Hata koti lake alikataa lipasuliwe nyuma, eti ni uhuni. Nilimpenda hivyo hivyo. Mtu ukimshonea muda mrefu unampenda tu, hata akiwa mgumu kama kisigino.

Lakini nilikuwa nakaa nyumba moja na dada yake, na hapo ndipo mapenzi hayo yaliponisumbua.

Nyumba yetu iko Bellevue. Zamani ilikuwa ya familia moja. Sasa ina vyumba tisa na jiko moja. Dada yake alikuwa chumba cha mbele, mimi cha nyuma. Anasuka nywele, na vidole vyake havikai bure hata akiwa amelala. Aliolewa akiwa msichana na mtu aliyemvunja mbavu mara mbili. Mara ya tatu hakuisubiri, akaondoka. Kaka yake, ambaye baba yao alipofariki ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo, aliitisha kikao akasema mwanamke akijitoa kwa mume amejitoa kwa ukoo pia. Akasema, "Sina dada." Miaka baadaye alilirudia jambo hilo kwenye hotuba, bila kutaja jina, kama mfano wa mtu anayeanza kulinda mila nyumbani kwake. Tuliisikiliza kwenye simu yangu jikoni. Dada alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Hakuacha kutwanga.

Neno moja tu alilitaka katika dunia hii: kaka yake amtaje. Hakutaka kurudishwa ukoo, wala mali. Kila nilipotoka kule nyumba kubwa na begi langu la nguo, nilimkuta mlangoni anajifanya anafagia.

"Papa fundi. Leo alinitaja?"

"Hapana, yaya," nilimjibu, maana kwetu yaya ni dada. "Hakukutaja."

"Haizuru," alikuwa akisema. "Siku ingine."

Siku moja nilijaribu kumsaidia. Nilikuwa na pini mdomoni, nikimpima kaka yake, nikasema kwamba dada yake yuko mzima, anamsalimia. Uso wake ulifungwa kama duka. Akasema, "Fundi, pima." Nikapima. Mimi si shujaa, nimelijua hilo zamani.

*

Kibanda changu cha kazi kiko ghorofa ya nne ya jengo la zamani mjini. Chini yangu kuna kanisa, juu yangu kuna kanisa lingine, na shimo la lifti iliyokufa linapitisha nyimbo za makanisa yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo mimi hushona katikati ya ugomvi wa sifa. Nyuma ya mlango nimepigilia misumari, na kwenye kila msumari pana patroni za mteja mmoja: vipande vya karatasi nzito ya kaki vya kukatia nguo zake, mgongo, kifua, mikono, vimetobolewa na kufungwa kamba. Bwana aliyenifundisha kazi alikuwa na sheria moja ambayo hakuitania. Mteja akifa, karatasi zake zinashushwa siku hiyo hiyo na kupewa ndugu wa damu. Wao watazichoma au watazizika, ni juu yao. Ila nguo haikatwi tena kwa karatasi ya marehemu. Nilimuuliza ikikatwa itakuwaje. Alisema hajui, kwa sababu hajawahi kuwa mjinga kiasi hicho.

Msimu wa baridi uliopita, Jumanne moja asubuhi, nilifungua mlango nikakuta karatasi moja sakafuni. Ilikuwa ya Mheshimiwa, kipande cha kifua cha kushoto, chenye alama yangu ya penseli pale inapowekwa pamba. Kamba haikukatika. Fundo lilikuwa limefungwa kama nilivyolifunga. Vipande vingine vyake vilikuwa vinayumba taratibu kwenye msumari, na vya wateja wengine wote vimetulia. Nilijiambia ni upepo wa shimo la lifti. Nikakirudisha kipande mahali pake, nikafanya kazi siku nzima nikiwa nimeupa mlango kisogo, na sikupenda.

Jumatano simu za Wakongo wote wa Joburg zikaanza kulia. Banasema Honorable amekufa. Banasema amefia huku huku, familia inaficha hadi majina ya wagombea yapelekwe, ili kiti cha useneta kisitoke mikononi mwao. Wengine wakasema ni uongo wa maadui. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Dada alikuja chumbani kwangu na simu mkononi, uso umemkauka.

"Weye unaendaka kwake. Ni kweli?"

Nilimwambia sijui. Hakulia. Alisema hawezi kumlilia mtu kwa uvumi, na akiwa anatoka akasema kwamba kama amekufa bila kumtaja, basi yeye amebaki kweli si dada wa mtu.

Alhamisi mke wa Mheshimiwa akanipigia mwenyewe. Anataka suti ya buluu iliyokolea, haraka, kwa kipimo cha zamani. Mheshimiwa anatakiwa kurekodiwa video ya kuwasalimia watu wake na kuwaziba midomo waongo. Nilicheka kwa furaha hadi wa kanisa la chini wakaniambia ninyamaze. Maiti haiagizi suti! Nilimpigia dada palepale nikamwambia: yuko mzima, amenipa kazi. Alipiga kigelegele kimoja kifupi kwenye sikio langu. Kisha akasema, taratibu kabisa, "Safari hii umuulize. Muntu akigonjwa moyo unakuwa laini."

Nikamwahidi. Nikashusha karatasi kutoka msumarini nikazitandaza juu ya kitambaa. Sijui niseme vipi ili nisionekane mzee wa imani za kijinga. Karatasi zilikuwa baridi. Chumba kilikuwa na hita inayowaka, kitambaa kilikuwa na joto chini ya viganja, na karatasi zilikuwa baridi kama vigae. Chaki ilikatika mara tatu. Nikakata. Nikaweka pamba begani kwa kushoto kama siku zote, nikapiga bandi, ule mshono wa muda, na Jumamosi asubuhi nikapanda teksi kwenda kaskazini.

*

Ile nyumba naijua. Huwa kuna redio jikoni, mbwa wawili na wapwa wa kila aina wanaopita na sahani. Siku hiyo hapakuwa na redio. Mbwa walikuwa wamelala sambamba mbele ya mlango mmoja wa pembeni uliofungwa, na hawakuinua vichwa nilipopita, wao ambao kwa miaka sita wamekuwa wakitaka suruali yangu. Jua la saa nne lilikuwa kali nje, ila mapazia yote yalikuwa yamefungwa.

Mfanyakazi wa nyumba ile ni mama wa Kizulu, mtu mzima, mcheshi sana. Siku zote ananiita "baba" na kuniuliza lini nitamshonea yeye. Safari hii alinifungulia akasema "sawubona" kwa sauti ya chini, akatazama viatu vyangu.

Mke wa Mheshimiwa alinipeleka sebuleni. Alikuwa amejipamba vizuri, kitenge kipya, hereni. Kwenye kiti kikubwa alikaa mtu mwenye miwani myeusi, kofia ya sufu na skafu hadi kidevuni. Pua ilikuwa ile ile, kidevu kile kile, vidole vile vile virefu juu ya mkono wa kiti. Nilitaka kulia kwa kumwona.

"Yambo, Mheshimiwa. Watu wamekuua huko mjini, unajua?"

Alitikisa kichwa kidogo.

"Dokta amemukataza kusema," mke alisema. "Koo. Fanya haraka tu, papa fundi, anachoka."

Sasa mimi, ninayejijua kuwa mwoga, niliona nisipolisema palepale sitalisema tena. Nilipiga goti karibu na kiti kana kwamba natafuta pini. Nikasema, "Mheshimiwa, dada yako anakaa na mimi Bellevue. Haombi chochote. Anataka umtaje tu, neno moja." Nilimsikia mke akivuta pumzi nyuma yangu. Yule mtu aligeuza kichwa kumtazama mke. Kisha akainama, na kwa sauti iliyopita kwenye skafu, kavu, karibu mnong'ono, akasema:

"Umwambie nilimusamehe. Yote."

Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa moto, wa mtu mwenye afya. Nilimsaidia kusimama, nikamvisha koti, nikarudi hatua mbili nyuma kutazama kazi yangu.

Bega la kushoto lilikuwa juu.

Lilikuwa juu kwa upana wa vidole viwili, limeinuka kuelekea sikioni kana kwamba mtu alikuwa nyuma yake anamvuta. Nilijua kabla ya kujua. Nikaenda nikaweka kiganja, kama ninavyofanya siku zote, kutuliza kitambaa, na vidole vyangu vikapita juu ya mtulinga ulionyooka, laini, bila nundu. Miaka ishirini na kitu kiganja changu kimepita pale. Niligeuka nitafute kioo kikubwa cha sebuleni, maana fundi akichanganyikiwa hukimbilia kioo. Kilikuwa kimefunikwa shuka jeupe kutoka juu hadi chini.

Nimekaa Joburg muda wa kutosha. Najua nyumba za huku hufunika vioo lini: pakiwa na maiti ndani.

"Kimevunjika," alisema mke, akaona ninachotazama. Akaenda akalivuta shuka, kwa hasira, na kioo kilikuwa kizima. Ndani yake tulionekana watatu: mimi na pini zangu, mke, na mtu yule amesimama na mabega yasiyolingana kwa mara ya kwanza. Mke hakulielewa bega. Alidhani nimeshona vibaya. Wakati tunajitazama, yule mama wa Kizulu aliingia kwa miguu mitupu, akaokota shuka sakafuni, akakifunika kioo tena, akalinyoosha pindo la chini kwa mkono, akatoka. Hakuna aliyethubutu kumwambia neno. Kutoka upande wa ule mlango uliofungwa nilisikia mbwa mmoja akihema.

"Mwili wake umebadilika," mke alisema. "Ugonjwa. Rekebisha."

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Nilisema hivyo. Nilitoa wembe mdogo nikafumua bitana, nikaichomoa pamba, nikaitia mfukoni. Nikamchoma yule mtu shingoni kwa pini, akaguna kwa sauti yake mwenyewe, sauti ya kijana. Mdogo wake wa baba mmoja, nilidhani, au mpwa. Damu ile ile. Kwenye jicho moja, chini ya miwani, niliona anatokwa jasho. Alikuwa ananiogopa kama nilivyomwogopa. Koti likakaa sawa, na mke akanishukuru.

Getini yule mama alinifungulia. Nilimuuliza, kwa Kizulu changu cha kuokoteza, mzee alifariki lini. Alitazama barabarani kwanza.

"Jumanne," alisema. "Eish, baba. Wanamweka peke yake kule ndani na wanaendelea kupika."

*

Njia nzima nilipanga maneno. Nilipofika Bellevue dada alikuwa mlangoni, ufagio mkononi, na kizingiti kilikuwa kimeshafagiliwa hadi kinang'aa.

"Papa fundi. Alinitaja?"

Mfukoni vidole vyangu vilikuwa vinaigusa ile pamba. Nikiwa mkweli, nilijiambia nasema kwa ajili yake. Pengine nilisema kwa sababu uso wake ulikuwa karibu mno.

"Alikutaja, yaya. Alisema amekusamehe. Yote."

Akaacha ufagio ukaanguka. Akakaa kwenye ngazi akafunika uso kwa khanga, na mabega yake yakawa yanacheka au yanalia, sikujua. Jioni ile alipika kwa ajili ya nyumba nzima. Kesho yake, baada ya misa, alikwenda kule kaskazini na bakuli la sombe na samaki mkavu, chakula cha utoto wao. Mlinzi hakumfungulia, akasema mzee anapumzika, ila yule mama wa Kizulu alitoka akalipokea bakuli. Katikati ya wiki nilikwenda kumalizia suruali, nikarudishiwa bakuli limeoshwa. Dada alilishika kwa mikono miwili. "Amekula," aliniambia. "Papa fundi, amekula chakula yangu." Nililala siku hizo vibaya sana. Nilikuwa nimemletea msamaha wa mtu asiyemjua, na sasa alikuwa anaulisha.

Na kule kazini karatasi hazikutulia. Nilizigeuza, nikazifunga kamba nyingine, nikazipigilia pini ukutani kama mzimu ni kitambaa. Kila asubuhi kipande cha kifua cha kushoto kilikuwa sakafuni, na upande wenye alama ya pamba ukitazama juu. Nilijua kinachotakiwa. Nilitakiwa nizipeleke kwa ndugu wa damu, na kumpelekea ndugu wa damu ni kumwambia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nami nilikuwa nimewasaidia kuficha kwa sindano yangu.

Jumapili iliyofuata video ikaja. Tulikuwa jikoni, watu kumi na zaidi, wametoka kanisani na nguo zao nzuri. Mtu aliiegemeza simu kwenye sufuria ya bukari, ugali wetu. Mheshimiwa akatokea, suti ya buluu, mabega sawa kabisa, miwani, bendera nyuma. Akasoma maneno machache kwa ile sauti kavu. Jiko lote likashangilia. "Yuko muzima! Waongo bapate haya!" Mama mmoja akapiga makofi ya furaha mbele ya dada, akamwambia, Mungu wako ni mkubwa. Dada alikuwa anacheka, mkono mdomoni, amesogea karibu na simu hadi pumzi yake inatia ukungu kwenye kioo.

Mwishoni yule mtu, labda kwa kuona amemaliza salama, alisahau. Aliinua mkono kuwaaga watu wake. Mkono wa kushoto. Aliunyoosha juu kabisa, umepita sikio, umepita kofia, akaupunga.

Watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa namtazama dada. Kicheko kilibaki usoni mwake kidogo, kama taa ya roboti, ile ya kuongozea magari, inayobaki inawaka barabara ikiwa tupu, kisha kikazimika. Hakunitazama. Aliwasha jiko, akawatengea watu chai, akamhudumia kila mmoja. Walipoondoka akafunga mlango wa jikoni akauegemea.

"Weye ulimuvalisha lile koti," alisema. "Ulijua."

"Nilijua, yaya."

"Siku gani?"

"Jumanne. Kabla ya suti."

Alihesabu kwa vidole vyake vile vya kusuka. Alikuwa amepika, amecheka, amevaa nguo za rangi, siku kumi na mbili, na kaka yake hajalazwa chini. Nilisubiri anipige, na ningefurahi kama angenipiga.

"Basi hakunitaja," alisema.

Hapo sikuwa na uongo mwingine. "Hakukutaja."

Nilikwenda chumbani nikaleta kilichokuwa haki yake, kwa maana asubuhi ile ile nilikuwa nimezishusha zile karatasi na kuja nazo, nikakosa moyo wa kuzitoa. Niliziweka juu ya meza ya jikoni, na ile pamba juu yake. Nikamweleza sheria ya bwana wangu. Nikamweleza na pamba, siri ambayo mwenyewe alinikataza kuitoa. Alizitandaza zile karatasi taratibu, mgongo, mikono, kifua, hadi pakawa na mtu mzima amelala mezani kati ya vikombe. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye bega la kushoto.

"Ni miye nilivunja hii," alisema.

Nyuma ya nyumba yao, Lubumbashi, palikuwa na kichuguu kikubwa, vile vya kwetu vinavyozidi urefu wa nyumba. Walikatazwa kukipanda. Yeye alikuwa na miaka sita, kaka yake tisa. Wakagombania nani atasimama juu kabisa, dada akamsukuma. Baba yao alikuwa mkali wa fimbo. Kaka, mkono unaning'inia, alisema ameanguka mwenyewe. Hawakumpeleka hospitali, walimwita mganga wa mifupa, na mfupa ukaunga vibaya. Dada alilia usiku akamwambia atasema ukweli kesho. Kaka akamwambia akisema, hatamwita dada yake tena.

Nje kanisa la jirani lilikuwa linaanza ibada ya mchana, ngoma zinajaribiwa moja moja. Kisha akainua kichwa.

"Papa fundi. Weye ulimuulizaka hii bega?"

"Siku ya kwanza kabisa. Na kila fundi angemuuliza. Daktari angemuuliza."

"Alijibu nini?"

"Alisema alizaliwa nalo."

Alinitazama kana kwamba nimesema kwa lugha asiyoijua. Kisha akaniomba nirudie, nikarudia.

"Alinifichia mpaka amekuwa muzee?"

"Mpaka mwisho, yaya. Hata pamba alimficha mke wake."

Alikaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha mbele yake, kama wanawake wetu wanavyokaa msibani. Aliitwaa ile pamba kutoka mezani, akaiweka mapajani.

"Basi alinitaja," alisema, akaanza kumlilia.